Hulka Nne na Mtu Mmoja

Katika semina nyingi za wachumba siku hizi hugawiwa karatasi. Ina safu za maneno: mchangamfu, mkali, mtaratibu, mpole, mwenye wivu, msahaulifu. Mchumba huweka alama penye neno analoona linamfaa. Alama zikishajumlishwa, huambiwa yeye ni nani: sangwini, koleriki, melankoli au flegmatiki. Kisha mwalimu hueleza nguvu na udhaifu wa kila hulka, na mara nyingi huongeza nani anamfaa nani.

Karatasi hiyo imefika hata Likawage, huku ndani ya Wilaya ya Kilwa, mbali na bahari, ambako Wakristo ni wachache na mwalimu wa semina anapofika kutoka mjini hupokelewa kama mgeni wa heshima. Sisi tunaoandika haya tunafundisha wachumba vijijini, na karatasi hiyo tumeigawa kwa mikono yetu wenyewe. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba tunawanyoshea wengine kidole.

Tunaandika kwa sababu ya uchumba mmoja. Kijana na binti walikuwa wamekwisha kujulikana kwa wazazi, barua imepokewa na sehemu ya mahari imetolewa. Katika semina kijana alitoka flegmatiki, binti akatoka koleriki. Mwalimu mgeni alieleza mbele ya wote kwamba mume wa namna hiyo huwa mzito, na mke wa namna hiyo atamkalia kichwani. Hakuwakataza kuoana. Lakini neno "mzito" lilifika nyumbani kwa binti kabla binti mwenyewe hajafika, na mjomba wake akasema hawezi kumtoa mtoto kwa mtu ambaye hata kanisa limemwona mvivu. Mahari ikarudishwa. Miezi michache baadaye, mavuno ya ufuta yakiwa yamekwisha kuuzwa mnadani, tulimpa kijana yule karatasi ile ile. Safari hii akatoka melankoli.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza: karatasi hii inapima nini?

Ilikotoka

Mafundisho ya hulka nne ni ya kale kuliko makanisa yetu mengi. Waganga wa Kiyunani wa jadi ya Hipokrati walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Galeni, tabibu wa karne ya pili baada ya Kristo, aliendeleza fundisho hilo, na kutoka kwake na waliomfuata likapatikana wazo kwamba jimaji linalozidi ndilo linaloipa nafsi ya mtu rangi yake. Aliyejaa damu ni mchangamfu, mwenye nyongo ya njano ni mkali, mwenye nyongo nyeusi ni mwenye huzuni na fikra nyingi, mwenye kohozi ni mtulivu na mzito.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba fundisho hili ni geni kwake. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mmojawapo wa wakubwa, walilipokea na kuliendeleza, nalo likasafiri pamoja na vitabu vya tiba hadi mwambao wetu. Mabaki yake yamo katika Kiswahili tunachosema kila siku. Belghamu ni kohozi la mgawanyo huo wa majimaji manne. Safura, neno ambalo leo tunalitumia kwa maradhi ya kupungukiwa damu, latokana na jina la Kiarabu la nyongo ya njano. Na tunaposema damu ya fulani inachemka, tunasema bila kujua lugha ya Galeni. Kwa hiyo karatasi ya semina haikutuletea jambo jipya kutoka Marekani. Ilituletea kwa njia ya pili jambo ambalo jahazi zilikuwa zimekwisha kulileta.

Njia hiyo ya pili inajulikana. Ole Hallesby, mwanateolojia wa Kilutheri wa Norway, aliandika kitabu juu ya hulka na imani ya Kikristo, kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1962. Tim LaHaye, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, alikisoma, na mwaka 1966 akatoa kitabu chake juu ya hulka inayotawaliwa na Roho. Kilifuatwa na vingine, kimojawapo cha mwaka 1971 kuhusu hulka zilizobadilishwa, ambamo Petro, Paulo, Musa na Abrahamu wanapewa kila mmoja hulka yake. Kutoka humo yametokea mahubiri, kanda, vijitabu na karatasi zisizo na jina la mwandishi, zinazonakiliwa kwa mashine kutoka nakala ya nakala.

Haki ya fundisho hili

Haingekuwa haki kulipiga bila kusema wema wake. LaHaye hakuandika ili watu wakataane. Shabaha yake ilikuwa kwamba Mkristo aujue udhaifu aliozaliwa nao, asijisingizie, bali amwombe Roho Mtakatifu aubadilishe. Hilo ni shauri jema la kichungaji.

Tena tumeona wenyewe jinsi lugha hii inavyoweza kuponya. Mama mmoja alikuwa akisema miaka yote kwamba mumewe anamdharau kwa kuwa hamjibu upesi. Alipofundishwa kwamba wapo watu wanaofikiri kwanza ndipo waseme, alipumua. Kukaa kimya kwa mumewe kulipata maana nyingine. Fundisho lolote linalomfanya mtu amvumilie mwenzake limefanya kazi njema siku hiyo.

Lakini tuangalie ni nini kilichomsaidia. Ni ile habari kwamba binadamu hatufanani, na kwamba kutofanana si dhambi. Habari hiyo haihitaji hulka kuwa nne. Haihitaji hata jina la hulka ya mumewe.

Utafiti umeona nini

Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani alichapisha habari za jaribio alilofanya darasani. Aliwapa wanafunzi 39 mtihani wa haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo ya haiba yake na kuwataka wapime ukweli wake kwa alama kuanzia sifuri hadi 5. Wastani ulikuwa alama 4.26. Wanafunzi walishangaa jinsi walivyojulikana. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, mengi yakiwa yamechukuliwa katika kitabu cha nyota. Tangu hapo yeyote anayesema, "Karatasi hii ilinieleza kabisa," inafaa ajiulize kama isingemweleza pia jirani yake.

Kipo chombo kingine kinachotumika sana maofisini na katika vyuo, kile cha Isabel Briggs Myers na mama yake Katharine Briggs, kinachogawa watu katika aina 16. Kilijengwa juu ya kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921, Jung yule aliyekuja kukaa kando ya Mlima Elgon katika safari yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1925 na 1926. Kosa ambalo watafiti wameliona katika chombo hicho ndilo lililotokea kwa kijana wetu. Watu wakipimwa tena baada ya wiki chache, sehemu kubwa yao hupata aina nyingine. Sababu yake ni rahisi. Wengi wetu tupo katikati, si kwenye ncha. Ukichora mstari katikati ya kundi la watu na kusema wa huku ni wapole na wa kule ni wakali, aliye hatua moja tu kutoka mstarini atavuka akilala vibaya usiku mmoja.

Na Likawage watu hulala vibaya. Mazao yakikaribia kukomaa, kijana hukesha shambani akifukuza nguruwe pori. Ukimpa karatasi asubuhi yake ukamuuliza kama yeye ni mwepesi wa kuamka na kufanya kazi, atakujibu kweli kwamba hapana. Kijana wetu alijaza karatasi ya kwanza katika majira hayo. Tulimpima usingizi, tukauita hulka.

Liko pia suala la maswali yenyewe. Wanasaikolojia wengi wa leo wameacha aina, wanapendelea vipimo vitano vya haiba ambavyo kila mtu anavyo kwa kadiri fulani. Hili ni afadhali. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watsimane 632, wakulima na wawindaji wa Bolivia, haukuviona vipimo hivyo vitano vikijipanga kama vinavyojipanga kwa wasomi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2019 watafiti wengine walichambua takwimu kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakakuta maswali ya kawaida ya haiba mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima. Sababu moja waliyoitaja ni tabia ya kukubali kila anachouliza mhoji.

Tunalifahamu hilo vizuri. Vijiji vya Kilwa vyenye misitu ya mpingo vimezoea wageni wenye dodoso. Mgeni hukaribishwa, hupewa kiti, na si adabu kumwambia kwamba swali lake halina maana. Akiuliza, "Je, wewe hupenda mikusanyiko ya watu wengi?" atajibiwa ndiyo. Lakini kwetu mtu haendi msibani kwa kuwa anapenda mikusanyiko. Anakwenda kwa kuwa kuna msiba. Akiuliza, "Je, hufanya uamuzi wako peke yako?" atajibiwa hapana, na ataandika kwamba huyu ni mtu asiyejiamini, kumbe huyu ni mtu mwenye mjomba.

Watafiti wa Afrika Kusini walianza upande mwingine. Waliwaendea watu zaidi ya 1,000 wa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi nchini humo, wakawaomba wawaeleze watu wanaowafahamu kwa maneno yao wenyewe. Maelezo mengi yaliyopatikana yalihusu jinsi mtu anavyokaa na wenzake: ana ukarimu, anapatanisha, anajua kusikiliza, anachochea ugomvi. Hayo ndiyo maswali ambayo hata mzee wa Likawage angeyauliza kuhusu mkwe. Karatasi yetu haikuwa nayo.

Jinsi Biblia inavyosomwa

Kwa Mkristo jambo zito zaidi ni lile linalofanyiwa Maandiko. LaHaye anamwona Petro kuwa sangwini, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi. Tukisoma anavyoruka majini, twakubali. Lakini katika Wagalatia sura ya 2 Petro huyo huyo anajitenga polepole na mezani kwa watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wageni kutoka Yerusalemu. Huo ni woga wa mtu anayepima mambo, na hauna wepesi wa ulimi hata kidogo. Musa anaitwa melankoli. Katika Kutoka sura ya 2 anamuua Mmisri kwa hasira, na katika Hesabu sura ya 12 anasemwa kuwa mpole kuliko watu wote. Paulo ni koleriki, mtu wa amri na safari. Lakini anapowaandikia Wathesalonike waraka wa kwanza, sura ya 2, anajifananisha na mama anayenyonyesha.

Mtetezi wa hulka atajibu kwamba hapo ndipo Roho alipombadilisha. Jibu hilo linaonekana zuri, lakini litazame vizuri. Mtu akitenda kulingana na hulka yake, nadharia imethibitika. Akitenda kinyume chake, Roho amefanya kazi, na nadharia imethibitika tena. Hakuna tendo ambalo Petro angeweza kulifanya likaonyesha kwamba hakuwa sangwini. Fundisho ambalo haliwezi kukosea halitufundishi kitu juu ya Petro. Na kwa Petro wa Galatia jibu lenyewe halifai, maana pale anakemewa.

Upo mstari mmoja mgumu ambao hatutaupita kimya. Katika waraka kwa Tito, sura ya 1, Paulo analeta usemi wa mtu wa Krete mwenyewe, unaowaita Wakrete wote waongo, wakali kama wanyama na walafi wavivu, tena anasema ushuhuda huo ni kweli. Hapa mtume anaonekana kugawa watu kwa aina kwa ukali kuliko karatasi yetu. Lakini Tito aliachwa Krete afanye nini? Mistari michache kabla ya hapo anaagizwa aweke wazee wa kanisa katika kila mji. Wazee hao wangetoka wapi kama si miongoni mwa Wakrete? Paulo anairudia sifa mbaya ya watu wale, na papo hapo anatafuta kati yao mtu mwenye kiasi, mkarimu, asiye mwepesi wa hasira. Sifa ya kundi haikumzuia kumtazama mmoja mmoja. Kwetu sifa ya karatasi ilimzuia mjomba kumtazama kijana.

Aina na makabila

Kwa sisi watu wa kusini jambo hili lina kidonda cha zamani. Mwaka 1758 Karl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, katika chapa ya kumi ya kitabu chake cha kupanga viumbe, aliwagawa wanadamu kwa mabara manne akitumia hulka hizi hizi nne. Mzungu wa Ulaya alimpa hulka ya damu, Mwasia akampa melankoli, mwenyeji wa Amerika akampa koleriki. Mwafrika alimwita flegmatiki, mlegevu. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kikieleza akili ya Mwafrika kana kwamba ni aina moja yenye upungufu wake. Mwaka uliofuata aliandika juu ya Mau Mau, na malalamiko ya watu kuhusu ardhi yakapata kuelezwa kama ugonjwa wa nafsi.

Neno "mzito" alilopewa kijana wetu linatoka katika ukoo huo wa maneno. Mwalimu wa semina hakujua, nasi hatukujua. Lakini watu wa Lindi na Mtwara tumesikia mara nyingi tukielezwa kuwa wavivu na wapenda ngoma. Jina la Wamachinga, watu wa mkoa huu, limekuwa, kama wengi wasimuliavyo, jina la kila mchuuzi wa barabarani, hata kijana aliyezaliwa Mwanza. Nasi hatuna mikono safi. Wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu na kuletwa Mkoa wa Lindi mwaka 2006 na 2007, hatukukawia kusema Wasukuma wako hivi, Wabarabaig wako vile. Watu wenye mazoea ya kupewa aina hujifunza upesi kuwapa wengine.

Tufanye nini katika semina

Hatusemi karatasi ichomwe. Anayetaka kuitumia kama kifungua mazungumzo, wachumba wakicheka na kubishana kama kweli wako hivyo, aitumie. Ila yapo mambo matatu tunayoyashika sasa.

Kwanza, matokeo hayasomwi mbele ya watu, wala mwalimu hatamki nani anamfaa nani. Hilo hakuna karatasi inayoweza kulijua.

Pili, maswali ya hulka hayaji kabla ya maswali ya maisha. Tuligundua kwa aibu kwamba wachumba walikuwa wakimaliza siku mbili za semina wakijua hulka zao, na hawajaulizana nani atashika fedha za ufuta, wataishi kwa nani, madeni yako wapi, na watoto watalelewaje katika ukoo ambao nusu yake ni Waislamu.

Tatu, badala ya kumuuliza mtu yeye ni aina gani, tunawauliza waliokaa naye alifanya nini. Alipougua mdogo wake, alifanya nini? Shamba lilipoliwa na nguruwe, alisema nini? Haya ni maswali ambayo wazee wetu waliyatuma kwa mshenga siku zote.

Wahenga wenyewe hawakukubaliana juu ya jambo hili. Walisema tabia ni ngozi, haivuliwi. Walisema pia samaki mkunje angali mbichi. Waliziacha methali zote mbili zikae pamoja, na pengine busara ilikuwa hapo. Katika 1 Samweli sura ya 16, nabii anasimama mbele ya wana wa Yese, anamwona wa kwanza, mrefu na wa kupendeza, anadhani amempata. Anaambiwa asitazame hivyo. Wanapita saba, na anayetakiwa yuko machungani, hakuna aliyefikiri kumwita. Nabii mwenyewe alikosea kwa kutazama. Sisi tusio manabii tuwe wapole zaidi katika hukumu zetu.

Tulikwenda kwa baba wa kijana yule kuomba radhi. Tulitoa shikamoo, tukakaa, tukaeleza habari ya karatasi tangu mwanzo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Walimu wangu, mngeniuliza mimi. Huyu nimemlea miaka ishirini na miwili." Binti ameolewa kwingine, nasi tunamwombea heri katika ndoa yake. Kijana bado analima, na usiku wa msimu huu yuko shambani akilinda. Tukipata wachumba wengine, tutaanza kwa kuwaendea wazazi wao, na Mungu atusaidie kusikiliza.